Kupishanisha Saa za Kazi: Somo la Nyamirambo

Hakuna kamanda anayeijua kazi yake ambaye ataamuru magari yote ya kikosi yavuke daraja jembamba kwa mara moja. Magari hupangwa, huachiwa nafasi baina yao, na kila dereva huambiwa dakika yake ya kuondoka. Vivyo hivyo walinzi wa kambi hawaachi malindo yao wote kwa pigo moja la kengele. Anayeingia humkuta anayetoka bado amesimama mahali pake, na lindo halibaki tupu. Jambo hili ni la kawaida mno kwa mtu aliyevaa sare, hata halihitaji kuelezwa. Lakini katika miji mingi ya dunia, ofisi, shule na maduka hufanya kila siku kinyume chake. Huwaamuru watu wao wote kuvuka daraja kwa saa ile ile, kisha wenyewe hushangaa kuona daraja limeziba.

Mazungumzo haya yanahusu dawa moja ya ugonjwa huo, nayo ni kupishanisha saa za kazi. Maana yake ni kwamba sehemu za kazi na za masomo zisifunguliwe kwa wakati mmoja wala zisifungwe kwa wakati mmoja, bali kila kundi lipewe saa yake, ili barabara ile ile iweze kuwahudumia watu wengi zaidi bila kuongezwa hata hatua moja ya lami. Mfano unaotazamwa ni mtaa wa Nyamirambo katika jiji la Kigali, nchini Rwanda.

Nyamirambo, katika wilaya ya Nyarugenge, umekaa kwenye mgongo wa kilima chini ya Mlima Kigali. Ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya jiji hilo, na pamoja na jirani yake Biryogo ndipo Kiswahili kilipozoeleka masikioni mwa watu wa Kigali miaka mingi kabla ya Rwanda kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mafundi cherehani, wauza vitambaa, wapishi wa chapati na mishikaki, makanika, wauguzi, makarani na walinzi wa usiku wote wana makazi yao huko. Ni mtaa unaochelewa kulala na kuwahi kuamka. Lakini kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya Kigali, umejengwa mahali ambapo barabara haiwezi kwenda itakako. Upande huu ni mteremko, upande ule ni bonde. Anayekwenda katikati ya mji hufuata mgongo wa kilima, na anayekwenda Nyabugogo, kwenye kituo kikuu cha mabasi, hana budi kuteremka. Njia ni chache, na zote hukutana na njia nyingine chache zitokazo vilima vingine.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,745,555 katika jiji la Kigali. Siyo wote wanaotoka nyumbani asubuhi, na siyo wote wenye magari; walio wengi hutembea kwa miguu, hupanda basi, au hukodi pikipiki ambazo watu wa huko huziita moto. Hata hivyo wote hugawana njia zile zile. Basi lililojaa abiria 70 hukwama nyuma ya gari dogo lenye mtu mmoja. Gari la wagonjwa hulia ving'ora mahali ambapo hakuna pa kulipisha. Mfanyakazi wa kibarua afikaye kazini baada ya milango kufungwa hurudi nyumbani bila ujira wa siku hiyo, ingawa aliamka mapema kuliko msimamizi aliyemfungia. Haya ndiyo madhara ya msongamano, na kila askari wa usalama barabarani aliyewahi kusimama kwenye makutano na filimbi mdomoni anayafahamu.

Dawa ambayo watu huifikiria kwanza ni kupanua barabara, na haifai kudharauliwa. Nairobi iliipanua barabara ya Thika, ikafunguliwa rasmi mwaka 2012. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu yenye urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, na apitaye juu yake hulipa. Dar es Salaam ilianza mwaka 2016 kuendesha mabasi yaendayo haraka baina ya Kimara na Kivukoni, katika njia zao wenyewe ambazo magari mengine hayaruhusiwi kuingia. Hizo ni kazi kubwa na za maana. Lakini huchukua miaka mingi, hudai fedha nyingi za mkopo, na mahali penye nyumba zilizobanana juu ya mteremko, kila hatua ya upana hupatikana kwa kuvunja ukuta wa mtu. Ndiyo maana mji wa vilima hauna budi kuuliza swali la pili: je, barabara iliyopo inatumika ipasavyo kwa saa zote?

Jibu ni kwamba haitumiki. Barabara inayoziba saa mbili asubuhi ilikuwa na nafasi saa moja kasorobo, na itakuwa na nafasi tena saa nne. Upana wake haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni idadi ya watu walioitwa kwa wakati mmoja.

Hesabu ndogo itasaidia. Ifikiriwe barabara iwezayo kupitisha magari 20 kwa dakika, yaani magari 1,200 kwa saa. Ifikiriwe kwamba kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu asubuhi yanafika magari 1,800. Saa hiyo ikimalizika, magari 1,200 yatakuwa yamepita na 600 yatakuwa yamesimama, na gari la mwisho katika mstari huo litangoja dakika 30. Sasa ichukuliwe kwamba dereva mmoja tu katika kila madereva 10, yaani madereva 180, amepangiwa kuondoka mapema zaidi, wakati barabara ina nafasi. Watakaofika katika saa ile watakuwa 1,620. Watakaobaki mwishoni watakuwa 420, na wa mwisho wao atangoja dakika 21 badala ya 30. Mtu mmoja katika kumi amebadili saa yake, na kungoja kwa aliye wa mwisho kumepungua kwa sehemu tatu katika kumi. Wakipangiwa saa nyingine madereva 600, ambao ni theluthi moja, na wote wakafika kwa nafasi, mstari wenyewe hautakuwapo. Haba na haba hujaza kibaba. Na kwa upande wa foleni, haba na haba hukipunguza.

Hesabu hii ndiyo siri ya jambo zima. Foleni haiondoki kwa sababu watu wote wamebadilika, bali huanza kuyeyuka mara tu wachache wanapoondolewa katika kile kilele ambapo barabara imekwisha kushindwa. Kwa hiyo hakuna haja ya kuutibua mji mzima. Inatosha kupata kundi moja ambalo kazi yake inaweza kuanza mapema, na jingine ambalo kazi yake inaweza kuchelewa.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1967, huko Ottobrunn karibu na mji wa Munich nchini Ujerumani, kampuni ya ndege iliyokuja kuitwa Messerschmitt-Bölkow-Blohm iliona kwamba wafanyakazi wake, kwa kuitwa wote kwa saa moja, wanabanana barabarani na langoni. Ikawaruhusu kuchagua saa ya kuingia na ya kutoka ndani ya mipaka iliyowekwa, mradi wote wawepo kazini katika saa za katikati ya siku na watimize muda wao. Kutoka hapo mtindo huo ukaenea katika nchi nyingi. Mwaka 1970, katika sehemu ya kusini ya Manhattan mjini New York, ofisi na makampuni yalikubaliana kupishanisha saa ili kupunguza kusukumana katika treni za chini ya ardhi. Singapore ilitumia njia ya kutuza. Kuanzia mwaka 2013 hadi mwaka 2017, abiria aliyeshuka katika vituo vya treni vilivyochaguliwa katikati ya mji kabla ya saa moja na dakika 45 asubuhi, siku za kazi, hakulipa nauli. Na mwaka 2024 serikali za mitaa za eneo la Manila, nchini Ufilipino, zilianza kufungua ofisi zao saa moja asubuhi na kuzifunga saa kumi alasiri, ili watumishi wake watangulie mbele ya msafara wa watu wa makampuni.

Tofauti ya mifano hii ni kubwa, lakini kuna jambo moja linaloifungamanisha. Hakuna hata mmoja uliomwambia mwananchi aamke mapema kwa hiari yake mwenyewe, basi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Karani hawezi kujipangia saa ya kuingia ofisini ikiwa mlango wa ofisi una saa moja tu. Ni lazima mwenye mlango aubadilishe, na wenye milango wakubaliane.

Sasa mazungumzo yarudi Kigali. Mnamo Novemba 2022 Baraza la Mawaziri la Rwanda lilipitisha uamuzi ulioanza kutekelezwa Januari 2023. Saa rasmi za kazi zikawa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Saa moja iliyotangulia, yaani kati ya saa mbili na saa tatu, ikalegezwa, ili mfanyakazi aweze kuitumia kwa kazi bila kulazimika kuwapo ofisini. Shule nazo zikapangiwa kuanza saa mbili na nusu asubuhi na kumaliza saa kumi na moja jioni. Lengo lililotangazwa halikuwa foleni. Lilikuwa ni ustawi wa familia na ubora wa elimu, ili mtoto asitolewe kitandani gizani, na mzazi apate nafasi ya kumwandaa mwanawe kabla ya kwenda kazini. Lengo hilo ni jema, na nusu saa iliyowekwa asubuhi baina ya kengele ya shule na saa ya ofisi ni faida halisi kwa mzazi wa Nyamirambo anayemshika mtoto mkono hadi langoni.

Lakini uamuzi huo unafundisha jambo la pili, ambalo mji wowote unaotaka kupunguza msongamano haufai kulisahau. Kuna kuhamisha, na kuna kugawanya. Ofisi zote zinapotolewa saa moja zikapelekwa saa nyingine, kilele cha msongamano huhama pamoja nazo, kama kikosi kilichohamisha kambi kikiwa na watu wake wote. Kilele hakivunjiki mpaka kikatwe vipande. Saa ile iliyolegezwa asubuhi ndiyo kisu chenyewe, kwa kuwa inamruhusu huyu kutoka mapema na yule kutoka baadaye. Lakini kisu hicho kitakata tu pale mkuu wa ofisi atakapoipanga saa hiyo kwa orodha, akijua nani anaingia lini, badala ya kuiacha iwe desturi isiyoandikwa ambayo mwishowe humfanya kila mtu atoke nyumbani kwa wakati ule ule wa jirani yake.

Jioni tatizo huwa wazi zaidi. Kwa mpango wa mwaka 2023, saa kumi na moja ndiyo saa ya mwisho kwa ofisi na kwa shule pia. Mwanafunzi, mwalimu, karani na mkurugenzi wote wameachiliwa kwa kengele moja. Kigali iko karibu na Ikweta, na mwaka mzima jua huzama huko karibu na saa kumi na mbili. Kwa hiyo safari ya kurudi nyumbani hukimbizana na giza. Katika mwezi wa Ramadhani Waislamu wa Nyamirambo na Biryogo hulihisi jambo hili kwa namna ya pekee. Aliyefunga tangu alfajiri ametoka kazini saa kumi na moja, adhana ya magharibi inakaribia, futari iko mezani, na yeye amesimama ndani ya basi lisilosogea. Mwenzake aliyeingia kazini saa moja asubuhi, na kuruhusiwa kutoka saa kumi, ameshafika, amewaona wanawe, na ameacha kiti kimoja wazi katika lile basi la saa kumi na moja. Kwa kubadili saa ya mtu mmoja, wawili wamepata nafuu.

Kwamba jiji la Kigali linaweza kupanga saa zake, hilo halina shaka. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, wakati wa umuganda, shughuli nyingine husimama asubuhi na watu hushika majembe na mafagio. Tangu mwaka 2016 zimekuwapo siku maalumu ambazo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari ili watu wafanye mazoezi. Na kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 jiji hilo lilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Shule za Kigali zilifungwa kwa juma hilo, watumishi wa serikali wakatakiwa kufanya kazi wakiwa nyumbani isipokuwa wale ambao kazi zao haziwezekani hivyo, barabara zikafungwa na kufunguliwa kwa ratiba iliyotangazwa, na polisi wakaongoza magari kwenye njia za pembeni. Siku ya mwisho waendesha baiskeli waliupanda mwinuko mkali wa mawe wa kwa Mutwe, unaopandia Nyamirambo, huku wananchi wamejaa pande zote mbili.

Juma lile lilionyesha uwezo, lakini lisichukuliwe kuwa ndiyo dawa. Kufunga shule siku nane kwa ajili ya sherehe kubwa ni sawa na kikosi kuitwa kwa hali ya hatari. Hufanyika mara moja, kwa sababu maalumu, na hakuna jeshi linaloishi katika hali ya hatari mwaka mzima. Kupishanisha saa ni kazi ya kila siku, isiyo na sherehe wala watazamaji. Somo la Septemba 2025 ni hili: watu wakiarifiwa mapema, kwa lugha iliyo wazi, na wakaona kwamba amri inawahusu wakubwa na wadogo, wanaitii.

Ni haki pia kuzitazama pingamizi, maana si ndogo. Ya kwanza ni ya familia. Mama aliyepangiwa kuingia kazini saa moja, na mtoto wake aliyepangiwa kuingia shule saa mbili na nusu, hawawezi kuondoka pamoja, na si kila nyumba ina bibi au dada wa kumwangalia mtoto. Kwa hiyo saa za asubuhi sana ziwe kwanza kwa wale wanaoziomba, na mwenye mtoto mdogo asilazimishwe. Pingamizi ya pili ni ya kazi yenyewe. Ofisi hutegemeana, karani wa benki anapotoka saa kumi, mfanyabiashara aliyemfuata saa kumi na nusu atakuta dirisha halina mtu. Dawa yake ni ile ya Ottobrunn, yaani kuwa na saa za katikati ambazo wote wapo, na kupishana kwenye ncha mbili tu za siku. Dirisha linalohudumia wananchi nalo liendeshwe kwa zamu mbili, ili muda wa huduma urefuke badala ya kufupika.

Pingamizi ya tatu ni ya usafiri. Hakuna faida kumwambia mtu atoke nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi ikiwa basi halitang'oka kituoni mpaka lijae, na halitajaa mpaka saa mbili. Ratiba ya mabasi haina budi kutangulia mbele ya ratiba ya ofisi, la sivyo wanaojitolea kuamka mapema watakuwa wameondoka katika foleni ya magari wakaingia katika foleni ya kituoni. Na kuna onyo jingine ambalo wataalamu wa barabara hulirudia. Nafasi iliyopatikana huvutia wa kuijaza. Aliyekuwa akilikwepa gari lake kwa sababu ya foleni ataliwasha tena akisikia njia ni nyeupe. Kwa hiyo kupishanisha saa si badala ya mabasi ya kutosha, wala si badala ya njia za waendao kwa miguu. Ni ndugu yao, na mmoja akikosekana wengine huchoka.

Pingamizi ya nne haisemwi sana, ingawa ndiyo nzito kuliko zote. Wapo watu ambao saa zao zimepishana tangu zamani, na hakuna aliyewauliza. Mfagiaji hufika kabla ya mkuu wa ofisi ili mkuu akute sakafu kavu. Mwoka mikate huwasha tanuri usiku wa manane. Muuguzi wa zamu ya usiku hushuka Nyamirambo asubuhi wakati wengine wanapanda. Mlinzi, askari polisi na mwanajeshi hawajapata kujua kengele ya saa tatu. Hao ndio waliobeba mzigo wa kupishana kwa miaka yote, mara nyingi kwa kutembea gizani kwa sababu basi la kwanza lilikuwa bado. Mpango wowote mpya ukiwasaidia watu wa mezani peke yao, na kuwaacha hawa walipo, utakuwa umepunguza foleni bila kutenda haki. Basi la alfajiri na taa za barabarani ndizo zitakazoonyesha kama mpango umewakumbuka.

Hapo ndipo wajibu wa vyombo vya ulinzi na usalama unapojitokeza. Kwanza, mtu hawezi kuamka mapema kwa moyo mweupe ikiwa njia ya kwenda kituoni inatisha. Doria ya alfajiri ni sehemu ya mpango wa saa za kazi sawasawa na saini ya mkuu wa ofisi. Pili, askari wa usalama barabarani ndiye anayejua, kuliko mtu wa ramani, ni dakika gani makutano fulani hushindwa, na ni shule ipi au ofisi ipi iliyoyashinda. Taarifa zake za kila siku zikikusanywa na kupelekwa kwa wapangaji wa jiji, hakutakuwa na haja ya kubahatisha nani apangiwe saa gani. Rwanda ilianzisha mwaka 2019 kampeni ya usalama barabarani iitwayo Gerayo Amahoro, ambayo maana yake ni kuwatakia wasafiri wafike kwa amani. Kufika kwa amani huanza kabla ya dereva kushika usukani. Aliyechelewa ndiye anayelipita gari jingine kwenye kona, na anayeona nusu saa yake imeliwa na foleni ndiye anayeirudisha kwa mwendo wa kasi.

Tatu, vyombo hivyo vyenyewe ni waajiri wakubwa, na vina ofisi ambazo wananchi huzifuata. Ofisi za sare zikitangulia kugawa saa zake za utawala, kwa kutumia elimu ya zamu ambayo zinayo tayari, ofisi za kiraia zitakuwa na mfano wa kufuata. Kadhalika, safari iliyo bora kuliko zote katika saa ya msongamano ni ile isiyofanywa kabisa. Tangu mwaka 2015 Rwanda imekuwa na mtandao wa Irembo, ambao kwa njia yake mwananchi huomba vyeti na huduma nyingi za serikali bila kuzunguka ofisi kwa ofisi. Kila fomu inayojazwa nyumbani Nyamirambo ni abiria mmoja aliyepungua kwenye mwinuko wa kwenda mjini.

Kinachogombewa hapa ni uhai wa watu, kwa maana ya kawaida kabisa ya neno hilo. Mfanyakazi anayepoteza nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, siku tano kwa juma, majuma 48 kwa mwaka, hupoteza saa 240. Hizo ni siku 30 za kazi za saa nane. Ni mwezi mzima na zaidi wa siku za kazi, ambao hakulipwa, hakupumzika, hakulima, hakusoma, wala hakukaa na watoto wake. Kama adui angaliteka watu wa mji na kuwafungia ndani ya magari kwa mwezi mmoja kila mwaka, taifa lolote lingalichukua silaha. Foleni hufanya jambo hilo hilo kidogo kidogo, na kwa kuwa inafanya kidogo kidogo, watu huizoea.

Isizoeleke. Barabara za Nyamirambo hazitapanuka kesho, na vilima vya Kigali havitasogea. Lakini saa za kufungua milango zimewekwa na watu, na watu wanaweza kuzipanga upya: shule hii kwanza, ofisi ile baadaye, basi la alfajiri likitangulia, na doria ikiwa njiani. Askari hupokezana lindo ili kambi iwe salama. Mji nao ukijifunza kupokezana barabara, kila mtu atafika, na atafika akiwa bado na nguvu za kufanya kazi iliyompeleka.